Kibali, Pasi na Mshahara wa Mkimbizi

Ajira ya wakimbizi inapotajwa, swali la kwanza huwa ni iwapo watawapokonya wenyeji kazi. Kwa Kenya kuna swali zito zaidi: kwa nini Mkongo aliyesomea ualimu afundishe katika kambi ya Kakuma kwa posho, huku Mkenya wa darasa la jirani akilipwa mshahara?

Jibu la kwanza liko kwenye vibali. Sheria ya Wakimbizi ya 2021, iliyoanza kutumika Februari 2022, inamruhusu mkimbizi kuajiriwa au kujiajiri, mradi taaluma yake itambuliwe na mamlaka husika nchini. Kibali chake cha kazi ni cha Daraja M, nacho hakilipiwi. Ugumu uko kwenye kukipata. Anahitaji kitambulisho cha mkimbizi, barua ya mwajiri na barua ya Idara ya Huduma kwa Wakimbizi. Vyeti navyo huenda vilibaki nyumbani siku ya kukimbia, na chuo kilichovitoa huenda hakipatikani hata kwa simu. Mwajiri anatakiwa kuishikilia nafasi bila kujua kibali kitatoka lini. Wengi humchukua mwingine.

Pengo hilo ndilo lililozaa kazi za "insentivu". Mashirika yanayoendesha shule na zahanati za kambini yanahitaji walimu, wakalimani na wahudumu wa afya. Kwa kuwa wakimbizi wengi wenye ujuzi huo hawana vibali, huandikishwa kama watu wa kujitolea na kupewa posho kwa viwango ambavyo mashirika yamekubaliana. Viwango hivyo ni vya chini sana kuliko mshahara wa Mkenya mwenye majukumu kama hayo. Ndiyo maana mwenye ujuzi huona afadhali aache chaki afungue duka.

Na maduka yapo tele. Utafiti wa Shirika la Fedha la Kimataifa (IFC), uliotolewa 2018, ulihesabu zaidi ya biashara 2,000 Kakuma na kukadiria uchumi wa eneo hilo kuwa wa takriban shilingi bilioni 6 kwa mwaka. Mkimbizi hununua mbuzi, kuni na makaa kutoka kwa Waturkana, wenyeji wa eneo hilo, kwa hiyo pesa haziishii kambini.

Kikwazo cha pili, baada ya kibali, ni mahali. Kambi ya Dadaab ilifunguliwa 1991, ya Kakuma 1992, zote mbali na viwanda na ofisi. Kutoka kambini kunahitaji pasi ya kusafiri. Mtu akiitwa kwenye usaili Nairobi wiki hii na pasi ikachelewa, nafasi imekwenda.

Uganda ililegeza vyote viwili mapema: sheria yake ya 2006 inatoa haki ya kufanya kazi na ya kutembea, na wanaoishi kwenye makazi ya wakimbizi hupewa kipande cha ardhi. Hata hivyo, makazi kama Nakivale yako vijijini, ambako hata Mganda hupata ajira kwa shida. Ruhusa pekee haileti waajiri.

Machi 2025 Kenya ilizindua Mpango wa Shirika, unaokusudia kuzigeuza kambi kuwa miji ya wakimbizi na wenyeji pamoja. Barabara na masoko yatahitajika. Lakini mwalimu yule atanufaika kwanza kwa jambo la gharama ndogo: kitambulisho chake kitambuliwe pia kama kibali cha kazi na cha kusafiri, na asiye na vyeti apimwe kwa mtihani. Hapo shirika linalomlipa posho halitakuwa tena na sababu ya kumnyima mshahara.