Akiba ya Mafuta na Njia Yake ya Kutoka

Chai ya kukata kitambi, ndimu kwenye maji ya moto, mkanda wa kutoa jasho: biashara zote hizi zinasimama juu ya imani moja, kwamba mafuta ya mwilini ni uchafu ulioganda na unangoja kuyeyushwa. Mafuta hayo yamo ndani ya seli, na hakuna mfereji unaotoka kwenye seli hizo kwenda utumboni.

Akiba ya kwanza ya mwili ni glikojeni, yaani wanga uliohifadhiwa, gramu 100 hivi kwenye ini na kama 400 kwenye misuli. Hiyo hukaa na maji mengi, ndiyo maana anayeacha ugali hupungua haraka wiki ya kwanza: yaliyotoka ni maji. Chakula kikizidi, mwili huchoma wanga kwanza na kuyaweka mafuta kando. Homoni ya insulini huamuru asidi tatu za mafuta zifungwe kwenye gliseroli moja, nazo hujazwa kwenye seli ambayo hutanuka kadiri inavyopokea. Gramu moja ya mafuta hubeba kilokalori 9. Ya wanga, 4.

Akiba hiyo hutoka vipi? Tumtazame Angus Barbieri wa Scotland. Mwaka 1965, akiwa na kilo 207, aliacha kula chini ya uangalizi wa madaktari wa Dundee, akitumia maji, chai, kahawa, vitamini na madini. Alifunga siku 382 akafikia kilo 82. Asijaribu mtu nyumbani. Wengine wamekufa kwa mifungo mirefu kama hiyo. Ninachotaka msomaji akitazame ni choo chake: mwishoni alikuwa akienda haja kubwa mara moja katika siku 37 hadi 48. Basi kilo zote zile zilipita wapi?

Nyingi zilipita puani na mdomoni. Watafiti Ruben Meerman na Andrew Brown walipiga hesabu hiyo mwaka 2014: katika kila kilo 10 za mafuta yaliyochomwa, kilo 8.4 hutoka kama kaboni dioksidi tunayoipumua, na 1.6 huwa maji. Kuhema kwa makusudi hakuongezi kitu, kwa sababu ni lazima seli ziyachome mafuta kwanza, nazo huyachoma mwili unapotumia nguvu nyingi kuliko ulizopata kwenye chakula.

Mmea wa sanamaki uliomo kwenye chai nyingi za kukata kitambi huharakisha utumbo mpana, mahali ambapo chakula kimeshafyonzwa. Anayekunywa chai hiyo kila siku hupoteza maji na potasiamu, na potasiamu ikishuka sana, mapigo ya moyo huvurugika.