Grisi Iliyoiokoa Liemba

Sisi wa Simbo na Ujiji tuliowahi kusafiri kwa Liemba hadi Kasanga tumeuzoea mngurumo wa injini zake za dizeli. Injini za dizeli ziliwekwa kwa mara ya kwanza katika miaka ya 1970. Kisa cha ajabu ni cha zile za mvuke zilizozitangulia.

Meli iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaletwa Kigoma na kuunganishwa upya. Iliposhushwa majini mwaka 1915 iliitwa Goetzen. Julai 1916, vita vilipowaelemea, Wajerumani waliizamisha wenyewe karibu na mdomo wa mto Malagarasi. Lakini kabla ya kuizamisha, mafundi walizipaka injini zake grisi nzito. Hatujapata kusikia adabu ya kazi kuliko hiyo: mtu ameamriwa kukiangamiza chombo, naye anakihifadhi!

Waingereza walipoiibua mwaka 1924, injini na boila zilikuwa bado zinafaa. Zilisafishwa, zikatengenezwa, na mwaka 1927 meli ikarudi kazini kwa jina la Liemba. Mvuke uleule uliendelea kuisukuma kwa miongo mingine kadhaa.

Injini za boti za jamaa zetu haziharibiwi na vita. Huachwa ufukoni msimu mzima, wazi, maji yakiwa ndani, na riziki ya nyumba nzima ikalala nazo. Kopo moja la grisi na kipande cha turubai havimshindi mvuvi. Vijana wanaotaka kuonyeshwa namna ya kuihifadhi injini waonane na mafundi wazee wa mwaloni; hawana choyo.