Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone: Kwa Nini Watu Huja Likizo Mombasa, na Kwa Nini Nasi Tupumzike Hapa Hapa

Saa tatu asubuhi mwezi wa Disemba, mbele ya lango la Fort Jesus, basi la shule kutoka bara linateremsha watoto wenye sweta mikononi. Tuktuk inaleta mama na wanawe wawili waliofika jana kwa treni. Wazee wawili wa Kizungu wamesimama kivulini wakinywa madafu. Wote hao wametoka mbali kuja hapa. Sisi wenyeji tunapita kando yao kwenda kazini bila kugeuza shingo, kwa kuwa ukuta huo tumeuona maisha yetu yote. Wengi wetu mara ya mwisho kuingia ndani ni siku tuliyopelekwa na mwalimu.

Wageni hao wanafuata nini? Jibu la haraka ni jua na bahari. Lakini jua na bahari viko Diani, viko Malindi, viko Zanzibar, Ushelisheli na hata Uhispania. Mtu mwenye nauli anaweza kuchagua. Makala haya yanaeleza kinachomfanya achague kisiwa chetu, faida yake kwetu sisi wakazi, na jambo ambalo kila mmoja anaweza kufanya ili sababu hizo zisipotee.

Jua lenye upepo

Mombasa iko karibu nyuzi 4 kusini mwa ikweta. Ndiyo maana mchana wetu hukaribia saa 12 mwaka mzima, na hatujui baridi ya kuvaa koti. Joto la kisiwani hupunguzwa na pepo mbili ambazo wazee wetu walizitumia kuhesabu safari. Kaskazi huvuma takriban kuanzia Disemba hadi Machi. Bahari huwa shwari na maji huwa maangavu. Kusi huvuma takriban kuanzia Aprili hadi Septemba na kuleta hewa ya baridi kiasi, hasa Julai na Agosti. Mvua kubwa huanguka zaidi Aprili na Mei, kisha za vuli hufuata mwisho wa mwaka.

Pepo hizo ndizo zilizoleta majahazi kutoka Bara Arabu, Uajemi na Bara Hindi, na zikayarudisha. Kwa hiyo hata hali ya hewa yetu ina historia ndani yake.

Mji ambao watu bado wanaishi

Mwaka 1331 msafiri Ibn Battuta alilala hapa usiku mmoja. Aliandika kuhusu ndizi na ndimu za kisiwa hiki, misikiti ya mbao iliyojengwa imara, na watu waliokuwa wakiosha miguu kabla ya kuingia msikitini. Karibu miaka 700 baadaye, mgeni akishuka Mji wa Kale bado atakuta ndizi, ndimu na maji ya kuoshea miguu.

Fort Jesus yenyewe ilijengwa na Wareno kati ya 1593 na 1596, kwa mchoro wa Mwitaliano Giovanni Battista Cairati. Waomani waliizingira kuanzia 1696 na kuitwaa 1698. Katika vita hivyo meli ya Kireno Santo António de Tanna ilizama mbele ya ngome mwaka 1697. Vitu vilivyoopolewa kutoka kwenye mabaki yake vimewekwa katika jumba la makumbusho humo ndani. Waingereza waliigeuza ngome kuwa jela kuanzia 1895 hadi 1958. Mwaka 1960 ikafunguliwa kuwa makumbusho, na mwaka 2011 UNESCO ikaiorodhesha kuwa turathi ya dunia.

Lakini ngome ni mlango tu. Ukitoka pale ukashika Ndia Kuu, unaingia katika mitaa ambayo haikujengwa kwa ajili ya watalii. Milango ya nakshi bado hufungwa usiku na wenyewe. Roshani za mbao bado zimeanikwa nguo. Wazee bado wanakaa barazani wakinywa kahawa tungu kwa kashata. Msikiti wa Mandhry, ambao kwa kawaida hutajwa kuwa wa mwaka 1570, bado unasaliwa swala tano. Mgeni ameona ngome nyingi duniani zilizobaki magofu. Huku anakutana na mji ulio hai, na hilo halinunuliki katika hoteli yoyote ya ufukweni.

Chakula nacho kimo. Asubuhi ni mahamri na mbaazi za nazi. Jioni ni viazi karai, mishkaki na mihogo ya kuchoma iliyopakwa ndimu na pilipili. Katikati kuna biriani, samaki wa kupaka, halua na mabuyu ya rangi. Kila sahani ina asili yake, Afrika, Arabuni ama Hindi, na zote zimekuwa za Mombasa.

Pesa ya mgeni inaingia mfukoni mwa nani?

Mgeni anayelala hoteli ya ufukweni na kula kila mlo humo ana faida yake: analipia ajira za wapishi, wahudumu, madereva na wakulima wanaouza mboga hotelini. Lakini mgeni huyo huyo akitoka kwa saa nne kutembea Mji wa Kale, pesa yake huanza kugawanyika kwa mikono mingi midogo. Mwenye tuktuk anapata. Muuza madafu anapata. Kiongozi wa watalii anapata, fundi wa kuchonga mbao anapata, na mama anayepika kaimati mlangoni kwake anapata. Akipita barabara ya Biashara akanunua leso na kikoi, mwenye duka naye anapata, na fundi cherehani anayekunja upindo pia.

Ndiyo maana wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Kisiwani Mombasa methali hiyo ni hesabu ya kila siku.

Tatizo letu ni msimu. Disemba vyumba hujaa, Mei vikawa vitupu. Wafanyakazi wa mikataba huambiwa wapumzike bila mshahara, na familia nyingi za Likoni, Kisauni na Mvita huishi kwa kukopa dukani mpaka Julai. Mwaka 2020 ulituonyesha hali hiyo kwa ukali zaidi. Mwezi Machi ndege za abiria kutoka nje zilisimamishwa. Aprili kuingia na kutoka Mombasa kukazuiwa. Mei Mji wa Kale wenyewe ukafungwa. Njia zilipofunguliwa, hoteli zilianza kuamka kwa wageni wa humu nchini.

Somo lake ni wazi. Mgeni kutoka ng'ambo anaweza kuzuiwa na ugonjwa, vita ama tangazo la serikali yake. Mgeni kutoka Nakuru, Kisumu ama Changamwe yuko karibu. Tangu treni ya Madaraka Express ianze safari mwaka 2017, mtu wa Nairobi anaweza kunywa chai ya asubuhi kwake na kula chajio chake hapa. Tukiwaalika ndugu na marafiki wa bara waje mwezi wa Mei ama Juni, wakati hoteli nyingi hupunguza bei, tunasaidia kazi za watu wetu zidumu.

Likizo ni haki yako nawe

Watu wa Mombasa tunajua kuwapumzisha wengine, lakini wenyewe hatupumziki. Wapo wahudumu waliotandika maelfu ya vitanda vya wageni bila kulala hata kimoja. Wapo waliofikiri likizo ni jambo la matajiri.

Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, kifungu cha 28, inasema vingine. Kila mfanyakazi anastahili likizo ya mwaka isiyopungua siku 21 za kazi, kwa malipo kamili, baada ya kila miezi 12 ya kazi mfululizo. Ikiwa ajira imesitishwa kabla ya mwaka kutimia, lakini umefanya kazi miezi miwili ama zaidi mfululizo, unastahili siku 1.75 zenye malipo kwa kila mwezi uliokamilisha. Wafanyakazi wa msimu wakumbuke hilo siku ya kuhesabiana.

Na likizo hiyo si lazima iwe safari ndefu. Hii hapa siku moja inayoweza kufanywa na familia ya kawaida, kwa miguu:

- Asubuhi mapema, kabla jua halijakuwa kali: Fort Jesus. Raia wa Kenya hulipa kiingilio cha chini kuliko mgeni wa nje, basi beba kitambulisho chako. Waonyeshe watoto kuta za matumbawe, mizinga na vitu vya meli iliyozama.
- Saa nne hadi saa sita: teremka Ndia Kuu na barabara ya Mbarak Hinawy hadi uwanja ulio mbele ya Bandari ya Kale. Karibu hapo pana Leven House, jengo linalobeba jina la manowari ya Kiingereza iliyofika mwaka 1824. Ukiwa na mzee wa familia, mwache azungumze. Anajua nyumba ya nani ilikuwa ipi.
- Mchana: kula katika mojawapo ya mikahawa midogo ya Mji wa Kale, kisha pita Marikiti ununue viungo, achari na matunda.
- Jioni: Mama Ngina. Kaeni chini ya mibuyu mkitazama meli zikiingia Kilindini, na watoto wakimbie. Mihogo na madafu yapo.

Siku kama hiyo ina faida nyingine. Mtoto anayeujua mji wake hataukubali ubomolewe kesho.

Kinachoweza kutuponyoka

Nyumba za Mji wa Kale zimejengwa kwa matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Ukuta wa namna hiyo hunyonya unyevu wakati wa mvua na kuutoa wakati wa jua. Kwa maneno mengine, unapumua. Chokaa huruhusu hilo. Saruji hairuhusu. Mwenye nyumba akipiga plasta ya saruji juu ya ukuta wa matumbawe, huwa na nia njema ya kuimarisha, lakini unyevu hubaki ndani, chumvi hukusanyika, ncha za boriti huoza, na miaka michache baadaye dari hushuka. Hapo ndipo wengi huamua kubomoa na kusimamisha jengo la vioo. Kila jengo la aina hiyo linapoinuka, Mji wa Kale hufanana zaidi na mji wowote mwingine, na mgeni hupungukiwa na sababu moja ya kuja.

Kabla ya kukarabati, kubomoa ama kuongeza ghorofa, fanya mambo haya:

- Wasiliana na ofisi ya uhifadhi wa Mji wa Kale iliyo chini ya Makavazi ya Taifa. Sheria ya Makavazi na Turathi ya mwaka 2006 inalinda maeneo na majengo ya kihistoria yaliyotangazwa rasmi.
- Omba kibali cha ujenzi cha kaunti kabla ya fundi kuanza kazi.
- Tafuta fundi anayejua chokaa. Ukiwa na mlango ama dirisha la nakshi, usiliuze kwa mchuuzi, likitoka halirudi.

Usafi ni jambo la pili. Taka zikitupwa kwenye mtaro wa Kibokoni, mvua ya kwanza huzipeleka baharini, nazo hurudi kwenye ngazi za Bandari ya Kale. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Agosti 2017, lakini chupa na vifuniko bado viko mikononi mwetu.

La tatu ni ukarimu wa kweli. Mgeni anayefuatwafuatwa na watu watano wakimlazimisha kununua hatasahau, na atawaeleza wenzake. Anayefanya kazi ya kuongoza watalii awe na leseni ya Mamlaka ya Kudhibiti Utalii, na aseme bei yake kabla ya matembezi kuanza. Mgeni naye aelezwe kwa upole desturi zetu: avae kwa heshima anapopita mitaani, aombe ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, na wakati wa Ramadhani ajiepushe na kula barabarani mchana. Wageni wengi hufurahi kuelezwa. Wanachochukia ni kudanganywa.

Kwa kumalizia

Katiba ya mwaka 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka utalii wa mashinani miongoni mwa majukumu ya serikali za kaunti. Hata hivyo hakuna ofisi inayoweza kukaa barazani kwa niaba yako, kumkaribisha mgeni kwa niaba yako, wala kuulinda mlango wa babu yako usiku. Jua litaendelea kuwaka bila sisi. Mji ndio unaotuhitaji.

Basi mwaka huu, kabla ya kuwaonea gere wanaoshuka kwenye mabasi pale Ngomeni, chagua Jumamosi moja. Chukua watoto, chukua mama mzee, ingieni pamoja nao. Mkitoka, mwite na yule binamu wa bara ambaye kila mara husema atakuja. Mwambie aje Mei.