Mtoto anaharisha wiki mbili? Usimnyime chakula, kibadilishe

Na Mwandishi Wetu, Mwansabombwe

KILA ifikapo Julai watu hufurika Mwansabombwe kushuhudia Mutomboko, sherehe kubwa ya Walunda wa Mwata Kazembe. Lakini miezi mingine yote wanaopita hapa kwa wingi ni wafanyabiashara. Wapo wanaotoka ng'ambo ya Mto Luapula, na wapo wanaoelekea Nchelenge na soko la Kashikishi ili wapande boti kwenda Kilwa, upande wa Kongo. Wengi ni akina mama, na si wachache wenye mtoto mgongoni.

Mtoto huyo wa mwaka mmoja au miwili hula kile ambacho safari inatoa. Asubuhi ni biskuti na juisi ya pakiti, mchana ni tonge la ugali wa muhogo na mchuzi, na maji ni yale yaliyochotwa ziwani. Akianza kupata choo chepesi, ndugu husema ni meno. Zinapita siku tano, kisha kumi. Hapo ndipo wengi wanapokosea: mtoto anakatiwa chakula "ili tumbo lipumzike", anapewa chai ya rangi, na wengine humwachisha hata ziwa la mama.

Wataalamu wa afya ya watoto wanapinga jambo hilo kwa nguvu zote. Tumbo la mtoto halipumziki kwa njaa, bali linazidi kuharibika.

Tumbo lililochubuka

Mtoto huhesabiwa kuwa anaharisha anapopata choo cha majimaji mara tatu au zaidi kwa siku moja. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema hali hiyo ikiendelea kwa siku 14 au zaidi ni kuharisha kwa muda mrefu, na mtoto lazima aonwe na mhudumu wa afya.

Kinachotokea ndani ni hiki. Ukuta wa utumbo, ambao kazi yake ni kunyonya chakula na maji, huchubuka kwa sababu ya vijidudu. Ili ujijenge upya unahitaji protini, mafuta, vitamini na madini ya zinki. Mtoto akinyimwa chakula, ukuta haujengeki. Asipojengeka anaharisha tena, na akiharisha anakonda. Aliyekonda hupata maambukizi mengine kwa urahisi, na mzunguko unaanza upya.

Wasomaji wetu waliopita kambini wanaufahamu ugonjwa huu vizuri. Wapo waliolelea watoto Kala na Mwange kabla kambi hizo hazijafungwa mwaka 2010, na wapo waliokimbia mapigano ya mwaka 2017 na kupokelewa Mantapala, wilayani Nchelenge. Kambini ndiko pia maji ya chumvi na sukari yalikojipatia sifa. Mwaka 1971, wakati wa vita vya Bangladesh, Dk. Dilip Mahalanabis aliyatumia kwa wakimbizi wenye kipindupindu huko Bangaon, India, na vifo vilivyokuwa vikifikia asilimia 30 vilishuka chini ya asilimia 4.

Hata hivyo, maji hayo, ambayo leo tunayajua kama ORS, yanarudisha maji yaliyopotea mwilini. Hayajengi utumbo. Kazi hiyo ni ya chakula.

Mtazame mtoto kwanza

Kabla ya kubadilisha chochote, mzazi amtazame mtoto mwenyewe. Wako watoto wa kati ya mwaka mmoja na mitano ambao choo chao ni chepesi kwa wiki kadhaa, chenye vipande vya maharage au mahindi ambayo hayakusagika, lakini wanacheza, wanakula, na uzito wao unapanda vizuri kwenye kadi ya kliniki. Mara nyingi hao hawana ugonjwa. Chakula kinapita haraka mno tumboni, na kinachokisukuma ni vinywaji vitamu pamoja na chakula kisicho na mafuta ya kutosha.

Dawa ya mtoto wa namna hiyo ni kuacha juisi, soda na maji ya sukari. Mwaka 2017 chama cha madaktari wa watoto wa Marekani kilishauri kwamba mtoto wa chini ya mwaka mmoja asipewe juisi kabisa, na wa mwaka mmoja hadi mitatu asizidishe mililita 120 kwa siku, yaani kama nusu kikombe. Ongeza kijiko cha mafuta kwenye uji na mboga zake. Hali hiyo kwa kawaida huisha yenyewe kadiri mtoto anavyokua.

Mtoto anayekonda, aliyelegea au asiyetaka kucheza ni jambo lingine. Huyo apelekwe kituo cha afya, na wakati huohuo chakula chake kirekebishwe.

Nini kibadilishwe

Kwanza, ziwa la mama lisikatwe. Anyonye zaidi ya kawaida, usiku na mchana. Mtoto wa chini ya miezi sita asipewe chakula kingine chochote zaidi ya maziwa ya mama.

Pili, angalia maziwa mengine. Utumbo uliochubuka hushindwa kusaga sukari iliyomo kwenye maziwa ya ng'ombe au ya kopo, na choo kinazidi kuwa maji. Mpe badala yake maziwa ya mgando, haya ambayo Zambia huuzwa kwa jina la mabisi, kwa sababu sehemu ya sukari hiyo imekwisha kuliwa na vimelea vinavyogandisha maziwa.

Tatu, usitegemee muhogo peke yake. Ugali wa muhogo, uuite bukari au ubwali, unashibisha lakini una protini kidogo sana. Saga karanga zilizokaangwa ziwe laini uchanganye kwenye uji. Kausha chisense, wale dagaa wa Ziwa Mweru, uwatwange wawe unga na kuuchekecha, kisha weka kijiko kimoja katika uji au mboga. Yai, samaki aliyetolewa miiba, maharage yaliyopondwa na kisamvu kilichotwangwa na kuiva vizuri, ambacho wengine hukiita katapa au sombe, vyote vinafaa. Uji uwe mzito, usiotiririka kutoka kwenye kijiko, maana uji mwembamba ni maji tu. Ule uji wa mahindi na soya unaogawiwa kwenye vituo vya lishe umetengenezwa kwa kanuni hiyohiyo.

Nne, tumia ndizi mbichi. Mwaka 2001 watafiti wa Bangladesh walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa watoto wenye kuharisha kwa muda mrefu waliolishwa wali uliochanganywa na ndizi mbichi zilizopikwa na kupondwa walipata nafuu haraka kuliko waliolishwa wali bila ndizi. Chemsha ndizi hadi iive, iponde, changanya na wali laini na mafuta kidogo.

Tano, mpe kidogo kidogo, angalau mara sita kwa siku. Akishapona, aongezewe mlo mmoja kila siku kwa wiki mbili ili arudishe mwili alioupoteza.

Zinki na maji ya chumvi

Vidonge vya zinki hutolewa kwa siku 10 hadi 14: miligramu 20 kwa siku kwa mtoto wa miezi sita na zaidi, na miligramu 10 kwa aliye chini ya hapo. Usikatishe hata kama choo kimekuwa kigumu siku ya tatu.

ORS inywewe kila baada ya choo: mililita 50 hadi 100 kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na 100 hadi 200 kwa aliyezidi umri huo. Wafanyabiashara wa mpakani wawe waangalifu, kwani pakiti hazilingani. Zipo za lita moja na zipo za mililita 200, hivyo soma maandishi kabla ya kukoroga. Pakiti ikikosekana, chukua lita moja ya maji yaliyochemshwa na kupoa, vijiko sita vidogo vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Yakipita saa 24, yamwagwe.

Vidonge vya kufunga tumbo vinavyouzwa sokoni mtoto asipewe. Dawa za viua vijasumu, flajili ikiwamo, ni mpaka mhudumu wa afya aziandike.

Usisubiri siku ya 14

Kimbilia kituo cha afya mara moja ukiona damu kwenye choo, macho yaliyobonyea, degedege, homa kali, kutapika kila kitu, au mtoto aliyelegea na kushindwa kunywa. Miguu yote miwili ikivimba, au mzingo wa sehemu ya juu ya mkono ukiwa chini ya sentimita 11.5 kwa mtoto wa miezi sita hadi miaka mitano, huo ni utapiamlo mkali. Kwa ukanda huu zipo Hospitali ya Mbereshi na ile ya St. Paul's, Kashikishi.

Kadi ya kliniki iwe kwenye mkoba pamoja na hati za safari. Chanjo ya virusi vya rota, ambavyo ni chanzo kikubwa cha kuharisha kwa watoto, ilianza kutolewa nchi nzima Zambia mwaka 2013 na Kongo mwaka 2019. Mtoto aliyezaliwa upande mmoja na kuhamia wa pili anaweza kukosa dozi bila mtu kujua.

Na anayemwachia bibi mtoto ili awahi boti, pamoja na pesa ya unga, amwachie pia karanga, mafuta, dagaa waliotwangwa na pakiti mbili za ORS. Usipoziba ufa utajenga ukuta.