Unatua Dar, unaunganisha KIA? Hesabu muda wa forodha

Muuzaji mwenzangu wa huku Momela unayefuata mzigo Dubai au Guangzhou, angalia sana tiketi mbili za bei chee. Ukitua Dar ndipo umeingia nchini: foleni ya uhamiaji, kusubiri mabegi, halafu forodha. Na wewe umebeba magauni ya duka zima! Afisa akisema fungua, unafungua. Anataka risiti, anakadiria ushuru, unalipa. Saa zinaenda. Bado utoke Terminal 3 na mabegi yako uende Terminal 2, zinakotoka ndege nyingi za ndani, ukacheki-in upya. Ukichelewa na tiketi ulikata mbalimbali, shirika la pili halikudai wala hulidai. Unanunua nyingine, faida kwisha.

Mimi ningekata tiketi moja hadi KIA, mfano kupitia Addis Ababa. Hakikisha stika ya begi imeandikwa JRO. Forodha utakutana nayo KIA, ila ukitoka hapo ni gari tu mpaka Usa River, unapandisha nyumbani.

Ukilazimika kupita Dar, acha saa 5 au lala. Risiti ziwe begi la mkononi. Na oda usimwahidi mteja siku hiyo hiyo unayotua.