Ruzuku ya Maendeleo: Safari Huanzia Mtaani

Ujenzi wa darasa au mfereji wa maji ya mvua kwa ruzuku ya Serikali Kuu hauanzii katika ofisi za Jiji, bali katika mkutano wa mtaa. Hapo wakazi wa Nkuhungu hutaja mahitaji yao na kuyapanga kwa uzito. Muhtasari hupelekwa kwenye Kamati ya Maendeleo ya Kata, inayoongozwa na diwani; kisha Baraza la Madiwani hupitisha mpango wa kata zote kwa kuzingatia ukomo wa bajeti. Mwaka mpya wa fedha huanza Julai 1.

Hitaji lisiloandikwa katika muhtasari ni vigumu kutetewa barazani, na laweza kusubiri mwaka mzima. Wakazi wanahimizwa kuhudhuria, na kuhakikisha maazimio yanasomwa kabla ya mkutano kufungwa.