Mikopo ya nyumba vijijini Tanzania

Mkopo wa nyumba vijijini ni fedha anazokopa mkazi wa kijiji ili ajenge au akarabati nyumba yake ya kuishi. Nchini Tanzania kazi hiyo iliwahi kukabidhiwa Benki ya Nyumba Tanzania, chombo cha serikali kilichoanza mwaka 1973 na kufungwa mwaka 1995, wadaiwa wengi wakiwa hawajalipa.

Chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya mwaka 1999, halmashauri ya kijiji inaweza kumpa mwanakijiji hati ya hakimiliki ya kimila. Hati hiyo inaweza kuwekwa rehani, na kwa nyumba ya familia ridhaa ya mume au mke inatakiwa. Hata hivyo benki nyingi husita kuipokea: deni lisipolipwa, ardhi ya kijiji haiuzwi kirahisi kwa mtu wa nje.

Kikwazo kingine ni kipato. Katika kata ya Songwa, wilaya ya Kishapu, mkoani Shinyanga, mkulima wa pamba hupata fedha mara moja kwa msimu, ilhali benki hudai marejesho ya kila mwezi. Mwalimu au muuguzi wa kata hiyohiyo hukopesheka kwa sababu mshahara wake hukatwa moja kwa moja.

Kwa hiyo wakulima hujenga kidogokidogo. Mwaka huu wanachoma matofali. Mwaka mwingine ng'ombe anauzwa, ndipo bati zinanunuliwa na paa la nyasi linaondolewa. Kuta zilizosubiri paa misimu kadhaa huliwa na mvua.